Bunduki Moja, Mabega Mawili

Vijana wa karakana, mliniomba karatasi moja tu, fupi, ya kumweleza mteja anunue bunduki gani kama anataka moja ya kazi zote, kuanzia digidigi hadi nyati. Mlisema mtaibandika ukutani, wateja wajisomee wenyewe na nyinyi mpumzike. Tangu kiangazi kianze niko nyumbani, kazi yangu ni kumsumbua mke wangu jikoni, kwa hiyo nilikubali upesi kuliko nilivyopaswa. Karatasi moja haikutosha. Isitoshe, katika miaka yangu yote sijaona mteja wa bunduki anayesoma ukuta. Basi someni nyinyi.

Habari za vyeo mtanisamehe nikiziruka. Karakana yetu ina mlango mmoja, na cheo cha juu kabisa ni kushika ufunguo wake. Niliushika, nimeurudisha, yamekwisha.

Nilifika hapo nikitoka kiwandani, kwenye mashine ya kukereza vyuma, wakati kiwanda kilipoanza kupunguza watu. Nilijiona fundi kamili. Marehemu Baba Mulenga, aliyekuwa mkuu wa karakana, hakuniuliza nimesoma wapi wala nimekereza nini. Alinipa bunduki iliyokuwa mezani, akafungua komeo lake, lile ambalo sisi wote tunaliita veru, akanisogezea puani.

“Nusa,” alisema.

Nikanusa. “Mafuta ya ngazi, baba.”

“Njo vile. Mwenyi hii bunduki anaipenda sana. Anaipikia.”

Asubuhi yote ya siku yangu ya kwanza niliimaliza nikikwangua mawese yaliyoganda kama gundi ndani ya veru, kwa kijiti cha mwanzi na kitambaa kilichochovywa petroli. Baada ya hapo nimekuta mengi ndani ya bunduki za watu wa Likasi: mafuta ya breki, siagi ya karanga, unga wa muhogo, na mara moja kiota cha nyigu wenye hasira. Kuvunjika bunduki huvunjika mara chache. Zinazofika mezani kwetu nyingi zimependwa vibaya.

Vyombo vya Baba Mulenga mnavijua, kwa kuwa nimewaachia. Bisibisi zake alizinoa mwenyewe ili kila moja iingie kwenye skrubu yake bila kuchezacheza. Kuna ufito wa shaba wa kusafishia mtutu, na mikanda ya kubebea aliyoikata kutoka kwenye ukanda chakavu wa kusafirishia mawe mgodini. Mikanda ile ni mizito, inanuka mpira, na itadumu kuliko sisi sote. Lakini chombo alichokishika kila siku kilikuwa utepe wa kupimia wa fundi cherehani, ambao alitembea nao shingoni. Wateja walidhani anasubiri kuwashonea suti.

Utepe ulikuwa wa kupimia watu. Alimwambia mteja akunje mkono, akaweka kitako cha bunduki kwenye kiwiko, kisha akatazama kama kidole kinafika kwenye kifyatulio bila kuvutika. Kipimo hicho si sheria, ni mwanzo tu. Baada yake alimwambia mtu afumbe macho, ainue bunduki begani, halafu afumbue. Kama jicho limeangukia sawasawa kwenye vilengeo, bunduki ni yake. Kama anatafutatafuta kwa shingo, bunduki ni ya mtu mwingine, hata kama karatasi ina jina lake.

Na hapo ndipo kwenye ugonjwa wa mji wetu, ambao sijasikia kama upo kwingine. Kwetu mwenye bunduki hawindi. Mwenye bunduki ni mtu wa mjini mwenye kibali, mwenye duka au mwenye kiti ofisini. Anayewinda ni ndugu yake wa kijijini, au shemeji, au mtu wa shemeji. Karatasi inamtaka mwenye bunduki awepo, naye yupo kweli: anakaa kambini kwenye kiti cha kukunja, karibu na gari, na chupa yake ya bia ya Simba. Yule mwingine anaingia porini na bunduki. Mnyama akianguka, mguu wa nyuma na kichwa ni vya mwenye bunduki, shingo na kidari ni vya mpigaji, na hadithi yote ni ya mwenye bunduki. Mpangilio huu ni wa zamani, na haumkasirishi mtu.

Ubaya ni kwamba siku ya kununua, anayekuja karakana ni mwenye kibali. Anapimwa yeye, anachagua yeye, jicho linalorekebishiwa darubini ni lake. Kisha bunduki iliyoshonwa kwa mtu mnene wa mjini inapelekwa kuwindwa na mtu mwembamba wa kijijini. Fikirini koti la arusi anapimwa baba na kuvalishwa mtoto. Ndiyo maana Baba Mulenga, kabla ya kufungua sanduku, aliuliza swali moja: “Nani atapiga?”

Na wote, bila kukosa, walijibu: “Minye!” Yaani mimi.

Hata babu mmoja aliyekuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili alijibu hivyo, huku akilielekea kabati badala ya Baba Mulenga.

Kuhusu bunduki yenyewe, nikijibu kile mlichoniuliza, nitasema mambo machache na hamtayapenda, maana hayana urembo. Chukueni yenye veru ya kuvuta kwa mkono. Haina cha kuharibika, na mtu akiiangusha kwenye matope anaiosha, anaendelea. Chagueni kalibra ambayo risasi zake zinapatikana hapa na Lubumbashi, siyo ile ambayo risasi zake binamu aliye Ulaya ameahidi kuzituma. Kwa mtu anayetaka moja tu, mimi nimesimamia neuf-trois, yaani milimita tisa nukta tatu, maisha yangu yote: inamtosha nyati kama umesimama vizuri, haimgeuzi swala kuwa supu, na haimvunji bega mtu wa kawaida. Vilengeo vya chuma viwepo daima. Darubini, kama lazima, iwe ndogo, nyepesi, na itoke kwa mkono bila kuitafuta bisibisi porini. Mkanda uwe imara. Zaidi ya hapo ni mapambo.

Mapambo ndiyo yaliyotulisha, msiniulize kwa nini. Kulikuwa na mfanyabiashara wa madini wa Kamatanda aliyetaka jina lake lichorwe kwenye mtutu kwa herufi kubwa, pamoja na jina la mke. Alirudi baadaye kutaka jina la mke libadilishwe. Baba Mulenga alimwambia chuma si kama ubao wa shule.

Tulipomaliza bunduki tulikwenda kuijaribu Kakontwe, kwa ruhusa ya wakubwa, kwenye sehemu ya machimbo isiyotumika tena. Pale pana kifusi kirefu cha vumbi la chokaa. Tulisimamisha karatoni mbele yake, na kila risasi iliyokosa ilitoa wingu jeupe palepale ilipoingia, kwa hiyo hakuna aliyeweza kubisha. Desturi ya karakana ilikuwa hii: bunduki haitoki mpaka mpigaji ameipiga Kakontwe. Na ilikuwepo desturi ya pili, nzito vilevile: mbao ya kitako haikatwi bila neno la mwenyewe. Mbao ukishaikata hairudi. Kwa miaka mingi desturi hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana, hadi alipokuja Monsieur Hubert.

Baba Mulenga alikuwa amekwisha kufariki, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Hubert mnamjua, nyote mmenunua unga au saruji kwake. Ni mtu mrefu, mpana, mwenye sauti ya kujaza kanisa, na moyo wa kujaza kanisa pia, ila sauti ndiyo hutangulia. Dada yake mdogo, Tereza, aliolewa na mtu wa kijiji kimoja kando ya ziwa Tshangalele. Jina la mume ni Kyungu. Zamani alivunja mawe hapo Kakontwe, siku moja jiwe likamwangukia, mfupa wa bega la kulia ukaunga vibaya. Akarudi kwao kuvua samaki na kuwinda. Ni mfupi, mwembamba, na mkono wake wa kulia haunyooki hadi mwisho.

Mwezi wa kumi, joto likiwa kali na mvua hazijafika, nyati mmoja dume alihamia kwenye matete karibu na kijiji chao. Mguuni alikuwa na waya wa mtego uliomla hadi mfupani, na maumivu yalikuwa yamemharibu tabia. Alimvunja mvuvi mmoja paja. Wanawake hawakuthubutu tena kwenda kwenye bustani zao za mboga kando ya maji. Ofisi inayohusika ilitoa ruhusa nyati huyo auawe, na ruhusa ikaandikwa kwa jina la mwenye kibali wa karibu, yaani Monsieur Hubert, ambaye kwa wakati huo bunduki yake ilikuwa ndoto tu.

Aliingia karakana akiwa tayari amelitangazia soko zima.

“Maître, nataka mzinga,” alisema. “Ile kubwa kabisa. Nyati akiiona tu, akufe.”

“Nani atapiga?” niliuliza.

“Minye! Weye unafikiri nani, mama yangu?”

Tulibishana juu ya kalibra mpaka chai ikapoa. Alitaka ya tembo. Nikamwambia tembo hajaomba. Mwishowe alikubali neuf-trois, yenye veru, iliyokwisha kutumika lakini safi, na mimi nilijisifu kimyakimya. Nilijisifu mapema. Alichopoteza kwenye kalibra alitaka akipate kwenye darubini. Alitoa garini darubini ndefu kama chupa ya gesi, aliyoinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Na kitako, kwa kuwa mikono yake ni mirefu, nilikiongezea kipande cha mpira nyuma ili kimtoshe. Bunduki ilimkaa vizuri ajabu. Kama angekuwa ndiye anayekwenda kupiga, ningeiita kazi bora ya maisha yangu.

Siku ya Kakontwe alikuja na Kyungu kwenye gari.

“Huyu ni mulamu yangu,” alisema Hubert. “Atabeba tu.”

Hubert alipiga risasi ya kwanza. Alikuwa amesogeza jicho karibu mno na darubini, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, na bunduki iliporudi nyuma ukingo wa darubini ulimchana juu ya nyusi, nusu duara safi. Risasi ilikwenda kwenye chokaa, mbali na karatoni. Alijifuta damu, akasema vumbi limemwingia, na akatangaza kwamba bunduki ni nzuri sana na haina haja ya kupigwa tena. Mtu aliyechanwa na darubini mara ya kwanza hagusi bunduki mara ya pili, hilo nimeliona kila mara. Nyumbani, nilisikia baadaye, alisema mlango wa lori ndio uliomgonga.

Nikampa Kyungu bunduki, ati airudishe kwenye sanduku. Nilimwangalia kwa pembe ya jicho. Mikono yake ilijua kazi: alifungua veru, akahakikisha hakuna risasi ndani, kisha, bila kufikiri, akainua begani. Kitako kikamkwama kwapani. Akavuta shingo, akainua kidevu, akatafuta jicho la darubini kulia na kushoto, hakulipata. Yote haya kwa muda wa kumeza mate tu. Nyati aliyejeruhiwa, kwenye matete, hangoji mtu ameze mate mara mbili.

“Unaionaje?” nilimwuliza.

Alimtazama shemeji yake, kisha akatazama chini. “Iko muzuri,” alisema.

“Haikukwami?”

“Iko muzuri, papa.”

Hapa lazima niwaeleze wale msiotoka vijijini. Mpigaji hasemi ubaya wa bunduki mbele ya mwenye bunduki. Kufanya hivyo ni kama kukaribishwa chakula na kusema chumvi imezidi, tena mbele ya mke wa mtu. Ningemwuliza Kyungu mpaka jioni, angeniambia iko muzuri hata kama mtutu ungekuwa umepinda kama ndizi.

Nilikataa kuitoa bunduki siku ile. Nilisema veru inasugua, inahitaji kuangaliwa. Hubert alinung'unika, lakini aliniachia.

Kesho yake asubuhi Tereza alikuja peke yake. Alikuwa amepanda gari la samaki, na kitenge chake kilisema hivyo kabla yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

“Papa Gaston, unajua nani atapiga.”

“Yaya yako Hubert alisema ni yeye.”

“Yaya yangu!” Alicheka kidogo, bila furaha. “Yaya yangu hajapiga hata panya. Atakaa ku kiti. Bwana yangu njo ataingia mu matete. Na ile fimbo yenu ndefu, na ile chupa juu yake. Jana alirudi, anainua fagio begani, anainua, anainua. Nikamuuliza, ni nini? Anasema, hapana kintu.”

“Hakuniambia.”

“Atakuambia namna gani? Bunduki ni ya mulamu yake.” Sasa sauti ilimpanda. “Kata ile kitako. Toa ile chupa. Minye niko na bwana moja tu.”

Nilimwambia ukweli, na ukweli ulinitia aibu wakati nikiusema: mbao si yangu, siwezi kuikata bila neno la mwenyewe. Akaniambia basi nimpigie mwenyewe simu. Nikampigia. Hubert akasema kwa sauti ambayo hata Tereza aliisikia mlangoni: “Maître, kitako iko sawa. Jua minye njo napiga!” Nyuma yake kulikuwa na watu dukani, nilisikia wakimshangilia. Alikuwa ameshajenga ukuta wake mwenyewe na kujifungia ndani, na kila mteja wa unga alikuwa anaongeza tofali.

Tereza alikaza kitenge kiunoni. Kisha akasema, “Sawa,” akaondoka. Nimetukanwa na wateja wengi kwa maneno makubwa. Ile “sawa” ilinikaa kifuani kuliko yote.

Nilifanya nilichoweza kufanya bila msumeno. Nilitoa kipande cha mpira nilichokiongeza, maana hicho kilikuwa changu. Niling'oa darubini na kuiweka kwenye sanduku lake, nikajiandaa kusema kwamba lenzi ina ukungu. Nikavisawazisha vilengeo vya chuma na kuvipaka tone la rangi nyeupe, ili vionekane kwenye kivuli cha matete. Kitako kilibaki bado kirefu kwa Kyungu, vidole viwili, na vidole viwili hivyo ndivyo vilivyokuwa kati yake na lile dume. Nilikaa nikiitazama ile mbao. Ilikuwa mbao nzuri ya mkangazi, yenye mishipa myekundu, na niliichukia.

Alasiri mlango ukafunguliwa. Alikuwa Hubert, bila dereva, bila sauti. Alifunga mlango nyuma yake, jambo ambalo wateja hawalifanyi wakati wa joto lile. Bandeji ilikuwa bado juu ya nyusi.

“Tereza alikuja kwangu,” alisema.

Nikafuta mikono.

“Hakusema kintu. Alikaa tu mu dépôt, juu ya magunia, mbele ya wateja. Kutoka asubui. Wateja banamuuliza, mama, uko unangoya nini? Anasema, niko nangoya kujua kama nitavala nyeusi.”

Alizunguka meza, akagusa bisibisi moja, akairudisha mahali pasipo pake.

“Maître. Hii kitako. Nafikiri iko murefu.”

“Kwa nani?” niliuliza. Mnaweza kusema nilikuwa mkatili. Lakini nilihitaji neno, na neno lilikuwa lake peke yake.

Alifungua mdomo. Nilimwona akilitafuta lile jina, na soko zima likimzuia. Halikutoka. Badala yake aliinua mkono wake mpana, kiganja kikielekea chini, akausimamisha hewani usawa wa kifua chake mwenyewe, pale ambapo kichwa cha Kyungu hufika. Akaushikilia hapo.

“Wa hivi,” alisema.

“Mwenye bega gani?”

Akashika bega lake la kulia, taratibu, kana kwamba ndilo lililovunjika. “Ile iliungana mubaya,” alisema.

Nilikata mbele yake. Hakutaka kukaa, alisimama akiangalia unga wa mbao ukianguka sakafuni, na kipande kilipotoka alikiomba, akakitia mfukoni. Nikakipunguza kitako ukingo wa ndani ili kisililemee lile bega bovu, nikafunga mpira laini. Kyungu alikuwa nje kwenye gari la Hubert muda wote huo, aliletwa kutoka kijijini lakini hakuingizwa. Tulimwita. Nikamwambia afumbe macho, ainue, afumbue. Aliinua, akafumbua, na jicho lilikuwa palepale, juu ya tone jeupe. Hakutafuta chochote.

“Unaionaje?” niliuliza.

“Iko muzuri,” alisema. Lilikuwa jibu lilelile, lakini safari hii hakuishusha bunduki upesi.

Tulikwenda Kakontwe jua likiwa bado juu, akapiga karatoni mara tatu, na matundu yote niliyafunika kwa kiganja. Hubert alikaa ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kwa sababu, alisema, ya vumbi.

Yaliyotokea ziwani nilisimuliwa na Tereza, maana Kyungu alisema maneno matatu tu: ilitoka, nilipiga, ikalala. Tereza, aliyetazama kutoka kambini, aliongeza kwamba ilitoka karibu, ikiwa imeinamisha kichwa. Aliongeza jambo jingine. Kyungu alipoingia kwenye matete, Hubert aliondoka kwenye kiti chake. Alimfuata hadi ukingoni kabisa, na mkononi alikuwa na mwavuli. Alisimama hapo na mwavuli wake mpaka mlio uliposikika. Sijui alikusudia kumfanyia nini nyati kwa mwavuli, na sijawahi kumwuliza. Lakini tangu siku hiyo nikisikia mtu anamcheka Hubert, nacheka nusu tu.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Hubert aliita watu nyumbani kwake. Nilikuwepo. Nyama ilikuwa nyingi na bukari, yaani ugali, ya moto, na Hubert alisimulia jinsi alivyomwua nyati. Alisimulia vizuri sana. Nyati alikua mkubwa kila sahani ilipojazwa. Kyungu alikaa mezani na mkewe, akiitikia kwa kichwa pale palipohitaji kuitikiwa.

Ndipo mzee mmoja wa parokia, mtu mwema asiye na hila, akaomba aonyeshwe bunduki. Hubert akasema iko mbali. Watoto wakasema iko chumbani. Ikaletwa. Mzee akasema, “Patron, tuonyeshe namna ulisimama.” Meza nzima ikageuka. Hubert hakuwa na pa kupita. Alihakikisha haina risasi, nashukuru kwa hilo, akaielekeza juu na kuinua begani.

Kiwiko kilikunjika kama cha kuku. Kidole gumba kikamgonga pua mpaka macho yakamtoka machozi. Mtu mrefu vile, na bunduki imepotelea kifuani mwake kama ya mtoto wa komunyo. Kila mtu aliona. Mezani pale palikuwa na watu wa migodi, makarani, wafanyabiashara, na nusu yao wana bunduki ambazo hawazipigi, kwa hiyo walielewa upesi kuliko watu wengine wangeelewa. Uso wa Hubert ulianza kubadilika, na nilimwonea huruma ya kweli, maana ukweli aliouficha kwa soko zima sasa ulikuwa umemkaa puani.

Kyungu aliweka kijiko chini.

“Ile siku,” alisema, “mulamu alikuwa anavala kabuti.”

“Kabuti?” aliuliza mzee wa parokia. “Ku Tshangalele? Mu mwezi ya kumi?”

“Kubwa. Ya sufu. Njo maana walikata kitako.” Akanigeukia, uso mkavu kabisa. “Shi ni vile, Papa Gaston?”

Vijana, kitaalamu jibu lake halikuwa na kosa. Nguo nene hujaza bega, na mtu aliyevaa kabuti huhitaji kitako kifupi, hilo mtalikuta katika kila kitabu cha kazi yetu. Kwa hiyo nilifuta mdomo, nikasema kwa sauti ya mkuu wa karakana kwamba ndivyo hasa, kabuti inakula vidole viwili.

Hubert mwenyewe akapasuka kucheka, na meza nzima ikamfuata. Tereza alicheka mpaka akashika ubavu, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge chake chekundu. Mumewe akangoja makelele yapungue, akanyoosha ule mkono wake usionyooka, akaomba aongezewe bukari.